Hewa Nayo ni Mzigo



Katika njia zetu za Kasongo na Kabambare hakuna mzigo uliokataliwa na baiskeli. Mafuta ya mawese hupita kwa baiskeli, bidoni nne au tano pamoja. Mchele hupita, chumvi hupita, makayabo hupita, hata mabati na vitambaa na sabuni. Mgonjwa hupelekwa hospitali juu ya baiskeli, na asipopona hurudishwa kwao juu ya baiskeli ile ile. Tumezoea mambo hayo, hata hatugeuzi kichwa tukisikia mlio wa keria nyuma yetu.

Lakini kuna mzigo mmoja ambao watu wengi wakiuona hawajui ni wa nini. Ni mzigo wa wazamiaji, yaani watu wanaoshuka chini ya maji na kukaa huko wakivuta pumzi. Utaona mpira mrefu umezungushwa kama nyoka, mashini ndogo, mshipi wenye vipande vya risasi, kamba, na kioo cha kuvaa usoni. Na kilicho cha thamani kuliko vyote katika mzigo huo hakionekani kwa macho, maana ni hewa. Leo nataka kuwaeleza mzigo huo: jinsi unavyofungwa na kusukumwa, na kwa nini anayeufunga vibaya anaweza kumwua mtu asiyemwona, aliye chini ya mto.

Njia na baiskeli

Njia yetu ni ya zamani. Kabla ya baiskeli mizigo ilipita mabegani pa watu. Toka Nyangwe na Kasongo, kupitia Kabambare, hata Mtowa kando ya ziwa Tanganyika, misafara ya Waarabu na Waungwana ilichukua pembe za ndovu kwenda Ujiji na mpaka pwani; na wengi wa wachukuzi hao walikuwa watumwa. Mwaka 1870 Bwana Livingstone alikaa Kabambare muda mrefu asiweze kwenda, kwa sababu ya vidonda vya miguu. Mzigo wa mpagazi mmoja siku zile ulikuwa kama frasila 2, ndiyo kilo 32 hivi. Shikeni hesabu hiyo, maana tutairudia.

Baiskeli ilikuja ikapunguza taabu ya mabega, lakini haikuiondoa. Kutoka mji wa Kasongo hata Kabambare, ndege akiruka moja kwa moja, ni zaidi ya kilomita 100. Na mtu si ndege. Kuna vilima, kuna mchanga, kuna matope wakati wa masika, kuna madaraja ya magogo ambayo gogo moja limekwisha kuondoka. Basi baiskeli ya mizigo kwetu si ya kupanda, ni ya kusukuma. Hufungiwa mti mmoja kwenye usukani, ili msukuma aiongoze akiwa kando, na mti mwingine nyuma ya kiti, wa kuegemea na kusukumia. Keria huongezewa vyuma vya fundi. Wengine huondoa hata pedali ili zisiwagonge miguu. Kwenye mlima watu wawili husukuma baiskeli moja, kisha hurudi kuchukua ya pili. Penye mteremko ndipo taabu yenyewe, kwa kuwa mzigo unataka kwenda mbele ya mwenyewe.

Msukuma mzuri hujulikana kwa jinsi anavyopakia. Kizito hukaa chini, karibu na ekseli. Upande wa kushoto lazima ulingane na wa kulia. Kinachovunjika hakiwekwi panapoguswa na mti. Na kitakachohitajika kwanza mwisho wa safari hufungwa mwisho, kiwe juu. Haya yote kila kijana wa kwetu anayajua kwa mawese na mchele. Kwa mzigo wa hewa kuna mengine ya kujifunza zaidi.

Mtungi wa Baraka

Mimi niliujua mzigo huo kwanza mbali na nyumbani. Nilikuwa bado mseminari, na wakati wa likizo nilikuwa Baraka, kando ya Tanganyika, kwa ndugu zetu. Akaja mgeni mmoja mwenye kusoma mambo ya samaki. Alitaka kuingia majini penye pwani ya mawe, upande wa rasi ya Ubwari, mahali ambapo gari lake halikuweza kufika. Hakutaka mtumbwi, alitaka kuingia kwa miguu kutoka ufukoni. Basi akaajiri baiskeli mbili, na mimi nikasukuma moja.

Alikuwa na mitungi miwili ya chuma, kila mmoja wa lita 12. Alitukataza kwanza tusiilaze juu ya keria kama kuni. Koki ya mtungi, alisema, ndiyo kichwa chake. Ikigonga jiwe ikavunjika, hewa yote itatoka kwa nguvu na mtungi utaruka kama kombora. Basi mtungi tuliusimamisha kandokando ya gurudumu la nyuma, ndani ya kikapu cha fito, koki ikiwa imefunikwa kwa gunia lililokunjwa. Upande wa pili tukaweka mshipi wa risasi, maana yake madini mazito yenyewe, si risasi za bunduki. Na pamoja nao viatu vya mapezi, kioo cha uso, nguo ya mpira, na kile kifaa cha kinywani kinachogawa hewa. Kifaa hicho alikivingirisha katika taulo, akatuonya kisiguse mchanga.

Kabla hatujaondoka tulipima yote kwenye mizani ya mchuuzi wa mchele. Mtungi mmoja uliojaa ulikuwa kilo 17. Vitu vya upande wa pili vilikuwa kilo 15. Jumla ni kilo 32, yaani frasila 2, mzigo ule ule wa mpagazi wa babu zetu. Niliona ajabu. Mtu mmoja kushuka majini kwa muda wa saa moja anahitaji mzigo kamili wa msafara.

Tuliporudi jioni, kwa kupenda kujua tu, niliweka mtungi tena kwenye mizani ile ile. Ulikuwa umepungua zaidi ya kilo 2. Mchuuzi akacheka akasema nimeiharibu mizani yake. Lakini mizani ilisema kweli. Kilichopungua ni hewa, ambayo yule mgeni alikuwa ameivuta na kuitoa majini. Lita moja ya hewa tunayovuta ina uzito wa kama gramu 1.2. Ni kidogo sana. Lakini ndani ya mtungi wa lita 12 hewa imeshindiliwa mara 200, kwa hiyo mna lita 2,400, na uzito wake ni karibu kilo 3. Tangu siku hiyo siwezi tena kusema kwamba hewa ni kitu cha bure kisicho na uzito. Mimi nimeisukuma mlimani.

Mafundisho ya bomba la baiskeli

Vijana wanaponiuliza mambo haya, mimi hutumia bomba la kujazia mpira. Ziba tundu kwa kidole, kisha sukuma. Hewa inakubali kupungua nafasi, lakini inakataa kupungua zaidi ya nguvu zako. Na ukiachia, inarudi. Jaza mpira upesi upesi, na bomba litakuwa la moto mkononi, kwa sababu hewa inayoshindiliwa hupata moto. Mpira wa hewa kwa baiskeli aliupatia hati John Boyd Dunlop, mganga wa wanyama wa Belfast, mwaka 1888. Tokea hapo baiskeli zote zinatembea juu ya hewa iliyoshindiliwa. Basi baiskeli ilikuwa inachukua hewa tayari, kabla ya mzamiaji kuleta ya kwake.

Sasa tazameni mambo ya chini ya maji. Juu ya nchi, uzito wa hewa yote ya anga unatubana, nasi hatuuhisi kwa kuwa tumeuzoea. Mtu akishuka mita 10 majini, maji yanaongeza mbano mwingine kama huo, na sasa anabanwa mara 2. Mita 20, mara 3. Kifua chake hakiwezi kuvuta hewa ya kawaida kwa mrija toka juu. Ni lazima apewe hewa yenye nguvu sawa na maji yanayombana. Kwa hiyo hewa huisha upesi kadiri anavyoshuka. Mtu anayevuta lita 20 kwa dakika juu ya maji, huvuta kama lita 40 kwa mita 10, na lita 60 kwa mita 20. Mtungi ule wa lita 2,400 ungemtosha dakika 60 kwa mita 10, na dakika 40 tu kwa mita 20, naye asibakize hata kidogo ya kurudia juu.

Kugawa hewa kwa kipimo hicho ni kazi ya kile kifaa cha kinywani. Kilipatikana wakati wa vita kuu ya pili, Ufaransa ilipokosa petroli. Mhandisi Émile Gagnan alikuwa ametengeneza kifaa cha kugawa gesi kwa injini za magari. Bwana Jacques-Yves Cousteau, afisa wa jeshi la bahari, akamwomba akigeuze kimfae mtu aliye majini. Mwaka 1943 wakakijaribu katika mto Marne, karibu na Paris, na baadaye baharini. Ndivyo kitu kilichoanzia penye upungufu wa petroli kilivyowafungulia watu mlango wa bahari.

Kuna sheria mbili zinazotokana na mambo haya, na kila anayeshuka na hewa iliyoshindiliwa yampasa azijue. Ya kwanza: asizuie pumzi anapopanda. Hewa aliyovuta kwa mita 10 itakuwa mara 2 ya ukubwa wake atakapofika juu, na isipopata njia ya kutoka itapasua mapafu. Hata kina cha mita mbili tatu chaweza kumdhuru. Ya pili: asikae sana kilindini, wala asipande haraka. Hewa ina naitrojeni, nayo huingia katika damu na nyama za mwili wakati wa kubanwa. Mtu akitoka ghafula, hufanya mapovu, kama chupa ya soda iliyofunguliwa. Daktari Mfaransa Paul Bert alieleza habari ya mapovu hayo mwaka 1878, na mwaka 1908 Haldane wa Uingereza na wenzake wakatoa mpango wa kupanda kwa vituo. Mgonjwa huumwa viungo, wengine hupooza miguu. Kwenye pwani ya Waswahili, hata visiwani Unguja na Pemba, wazamiaji wa majongoo ya bahari wamepata ajali za namna hiyo.

Mito yetu

Mtu atasema, sisi hatuna bahari wala mitungi. Ni kweli, mtungi unataka mashini kubwa ya kuujazia, nayo huku haipatikani. Lakini wazamiaji tunao. Tuna dhahabu, tena tangu siku za Wabelgiji: Namoya na Salamabila katika Kabambare ni majina yanayojulikana mbali. Dhahabu nyingine imelala katika changarawe chini ya mito. Katika mashariki ya Kongo watu hushuka kuitafuta kwa kuvuta hewa ya mpira mrefu, na juu ya maji mashini inafyonza changarawe. Jirani zetu wa Shabunda waliona mashini hizo zikizidi katika mto Ulindi miaka ya 2013 na 2014, na mwaka 2016 shirika la Global Witness lilitoa ripoti juu ya dhahabu ya mto huo na jinsi faida yake ilivyowapita wenyeji. Wanaoshuka huitwa kwa neno la Kifaransa, plonjeri.

Plonjeri hana mtungi mgongoni. Ana mpira mdomoni, unaokwenda juu mpaka kwenye kompresa, nayo huzungushwa na injini ya petroli. Yule mgeni wa Baraka alishuka na hewa iliyohesabiwa. Huyu anashuka na hewa inayotengenezwa dakika ile ile anapoivuta. Injini ikizimika, hewa inakatika. Mkanda wa kompresa ukikatika, hewa inakatika. Petroli ikiisha, hewa inakatika. Na vitu vyote hivyo vimefika mtoni juu ya nini? Juu ya baiskeli. Injini moja, kompresa moja, mpira moja, petroli moja: baiskeli nne katika njia ya miguu.

Kijana na baiskeli yangu

Kiangazi kimoja, maji yalipopungua, kijana wa kijijini kwetu alikuja kwangu. Mimi namjua tangu alipokuwa akijifunza kusoma. Akaketi, akaamkia, kisha akasema:

“Mwalimu, naomba uniazime baiskeli yako siku sita.”

“Ya kwenda wapi, mwanangu?”

“Luama. Nimepata kazi ya plonjeri.”

Nikamwuliza watachukua nini. Akanihesabia: injini, kompresa, mpira, mshipi wa risasi, petroli bidoni mbili. Tajiri wao alikuwa amelipa baiskeli tatu, na ya nne hakutaka kulipa. Nikamwuliza, “Na bomba la kuvutia hewa safi liko wapi? Na kamba ya ishara? Na mkanda wa akiba?” Akasema vitu hivyo vimeachwa nyumbani kwa tajiri, kwa sababu ya uzito. Wangekuja navyo safari ya pili.

Jioni mama yake akaja. Hakuketi. Akasema, “Mwalimu, ukimpa baiskeli, umempeleka majini wewe. Usipompa, atakwenda bila wewe. Sasa sema lipi jema.”

Usiku ule nilifikiri sana. Kijana alikuwa na miaka ishirini na miwili, mke na mtoto mmoja. Shamba lake lilikuwa limeliwa na wanyama. Sikuwa na franka za kumpa badala ya kazi ile, na maneno matupu hayalishi mtoto. Nikiizuia baiskeli, mtoni kungefika injini na risasi na mpira, na kungekosekana bomba na kamba na mkanda. Kitakachoachwa nyuma ni kile kinachomlinda mtu, kwa kuwa hicho hakichimbi dhahabu.

Asubuhi nikamwita pamoja na mama yake. Nikasema: “Baiskeli nakupa, na mimi mwenyewe nitaisukuma. Lakini haitachukua injini, wala risasi, wala petroli. Itachukua bomba la hewa, kamba na mkanda wa akiba, na nafasi itakayobaki itakaa tupu.” Kijana akasema, “Mwalimu, watu watatucheka, baiskeli nzima kwa bomba moja.” Mama yake akamjibu kabla yangu: “Wacheke.”

Tukasukuma siku mbili. Kweli tulichekwa, hasa kwenye vilima, kwa kuwa wenzetu wa injini walitoa jasho na mimi nilikwenda kama mtu wa harusi. Nikawasaidia kusukuma ya kwao penye mlima, kisha nikarudi kuchukua ya kwangu.

Luama ni mto unaotoka milima ya mashariki, upande wa Tanganyika, na kuingia Lualaba. Wakati wa kiangazi maji yake huonekana matulivu, lakini chini ni giza. Plonjeri hufanya kazi kwa kupapasa, kama mtu anayetafuta sindano usiku. Waliifunga injini na kompresa juu ya magogo. Moshi wa injini ulitokea kando tu ya mdomo wa kompresa. Nikawaonyesha jambo hilo. Mkubwa wao hakukasirika. Alisema upepo unapeleka moshi upande wa pili. Asubuhi ilikuwa hivyo. Hata hivyo kijana wangu alifunga bomba, akalisimamisha juu ya mti mrefu, mbali na moshi, akaliunganisha na kompresa.

Saa sita za mchana upepo ukageuka. Moshi ukalala juu ya magogo yote, hata sisi tuliokuwa ukingoni tukakohoa na kuumwa kichwa. Yeye alikuwa chini wakati huo. Nikashika ile kamba, nikaivuta mara mbili kama tulivyopatana. Nikangoja. Kamba ikajibu mara mbili.

Wasomaji, hakuna aliyekufa siku ile, wala sina kisa cha kutisha cha kuwapa. Lakini moshi wa injini una gesi isiyo na rangi wala harufu, iitwayo kaboni monoksidi. Hushikamana na damu kwa nguvu kuliko oksijeni. Mtu aliye juu ataumwa kichwa na kuondoka. Aliye chini, ambaye anashindiliwa hewa hiyo kifuani, atasinzia tu, aache mpira mdomoni, na watu wa juu watadhani bado anafanya kazi.

Kijana yule bado anazamia kila kiangazi. Mama yake hukutana nami njiani akaniuliza, “Mwalimu, atarudi?” Jibu la swali hilo sina. Ninachoweza kumwambia ni vitu gani vimepakiwa, naye amejifunza kuniuliza hivyo: “Bomba limekwenda? Kamba imekwenda?” Nikisema ndiyo, huenda zake.

Maneno kwa wasukuma baiskeli

Yafaa basi niwaandikie ninyi mnaosukuma, kwa maana wazamiaji wengi hawataona karatasi hii, lakini ninyi mtakutana nao.

Kwanza, petroli na mpira wa hewa visikae juu ya baiskeli moja. Petroli humwagika njiani, na mpira ukishika harufu yake, mvuke huo utaingia kifuani mwa mtu. Vivyo hivyo msifunge mpira wa hewa juu ya keria iliyolowa mawese.

Pili, zungusheni mpira kwa duara kubwa. Ukikunjwa na kubanwa kwa kamba, hupata ufa usioonekana, na ufa huo utapasuka chini ya maji. Zibeni ncha zote mbili kwa kitambaa safi, matope na wadudu wasiingie.

Tatu, bomba la kuvutia hewa, kamba ya ishara na mkanda wa akiba viende na safari ya kwanza pamoja na injini. Kama nafasi haitoshi, injini ingoje. Bila injini hakuna atakayeshuka, na hilo halina hasara kwa mtu yeyote.

Nne, petroli ipimwe kabla ya mtu kuingia majini, wala isitegemewe ile iliyo njiani. Baiskeli yaweza kupasuka mpira penye kilima, na mzamiaji hana habari.

Tano, pasiwe na siku ambayo baiskeli zote zimerudi kuchukua mizigo na mtu yuko chini. Moja ibaki ukingoni, tupu, ikiwa na mpira uliojaa. Hiyo ndiyo gari la hospitali. Aliyetolewa majini bila pumzi apulizwe kinywani mara moja, hapo hapo. Asifungwe kwanza juu ya keria. Anayeumwa viungo au kufa ganzi miguu baada ya kupanda alazwe, apewe maji ya kunywa kama ana akili zake, apelekwe upesi kwa waganga waseme kama wana oksijeni. Asirudishwe majini, hata wenzake wakisema kwamba maji yatamponya.

Mnaposukuma mawese, mzigo ukifika mnalipwa na kazi imekwisha. Mzigo wa hewa hauishi hivyo. Mkishautua ukingoni, mtu atauingiza mwilini mwake na kushuka nao gizani, akiamini kwamba mlimletea kitu kizima. Jina lenu halitatajwa wakati wa kugawa dhahabu, wala hamtapewa punje. Hata hivyo pumzi yake yote, tangu anaposhuka hadi anapopanda, imepita mikononi mwenu kwanza. Kwa hiyo fungeni vizuri, na kabla ya kuondoka hesabuni tena, mkianza na kile kisichoonekana.